Nane au Kumi na Sita

Kila asubuhi baba hunyoa ndevu mlangoni, kioo kikiwa kimetundikwa kwenye msumari, nami husimama kando yake nikishika bakuli la maji. Akimaliza hunigeuzia uso bila kusema neno. Mimi humgusa kwa kidole pale alipopaacha: chini ya taya, karibu na sikio, na karibu siku zote ni upande wa kulia. Anarudia. Ananigeuzia tena. Tumefanya hivi tangu mwezi wa tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutamka kwamba jicho lake la kulia halioni, na la kushoto linaanza kulifuata.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimemgusa mara mbili simu yangu ilipolia. Alikuwa Hortense, mama wa Kikongo mwenye duka la kompyuta za mitumba Kabalagala.

"Adoch, kuja mbio," alisema. "Kuna mtu ya muziki iko hapa na pesa mukononi. Anataka ile kubwa. Nimemwambia angoje mpaka saa sita, mutoto ya Afande alianza kuiangalia."

Baba alisikia. Siku hizi masikio yake hayakosi kitu. Alifuta povu kwa taulo, shavu moja likiwa bado na ndevu, akaingia ndani. Nikasikia sanduku la bati likifunguliwa chini ya kitanda. Nilijua anachukua nini, na maji ya bakuli yakanimwagikia miguuni.

Kazi yenyewe nilikuwa nimeipata wiki mbili nyuma. Nina stashahada ya upimaji na uchoraji ramani, na kwa miaka miwili stashahada hiyo ilikaa ndani ya bahasha huku mimi nikichapa barua za watu kwenye kibanda cha fotokopi. Halafu kampuni moja ndogo ikaniita. Walikuwa wamerusha droni juu ya mtaa wa Namuwongo, wakapiga maelfu ya picha, na walitaka mtu wa kuziunganisha ziwe ramani moja: kila paa, kila mtaro, kila njia ya maji, ili ijulikane mvua kubwa ikinyesha nani anaingiliwa kwanza. Wiki mbili za majaribio, kuanzia Jumatatu. Ukileta karatasi sita za ramani zilizokamilika, unapewa mkataba wa miezi mitatu. Kompyuta unakuja na yako mwenyewe.

Kwa Hortense zilikuwepo laptopu mbili za aina moja, rangi moja, hata mikwaruzo karibu ilifanana. Moja ilikuwa na memori ya gigabaiti nane, bei yake milioni moja na laki nne. Nyingine ilikuwa na kumi na sita, na nafasi mara mbili ya kuhifadhi kazi, bei yake milioni mbili na laki moja. Mimi nilikuwa na milioni moja na laki nne kamili. Tofauti ilikuwa laki saba.

Na laki saba zilikuwa nyumbani kwetu, kwenye sanduku la bati. Mama yangu, Filda, yuko kijijini kwetu Kitgum tangu mvua za kwanza, analima. Aliuza ufuta wake, akatuma pesa hiyo kwa jambo moja tu: upasuaji wa jicho la baba, kwenye kliniki karibu na hospitali ya Mulago, Jumanne inayokuja saa mbili asubuhi. Aliponitumia alinipigia mimi, si baba. "Usikubali aiguse," aliniambia. "Wewe ni mpole, najua. Lakini hii usikubali." Nikamwahidi.

Tulitoka kambini kwa miguu. Kambi ya polisi ya Nsambya na Kabalagala si mbali, na baba hapendi bodaboda tena, anasema zimekuwa ghali. Kwenye kuvuka barabara alinishika kiwiko. Mtu angeona baba anamvusha binti yake.

"Ile ndogo inatosha, baba," nilisema tulipofika ng'ambo. "Mia kwa mia inatosha."

"Tutaona," alisema.

Nikaongeza hatua, kwa sababu nilikuwa nimemdanganya. Barua ya kampuni ilipokuja aliniomba nimsomee, akakaa wima kitandani kama anasomewa amri. Niliisoma yote isipokuwa mstari mmoja, ule uliosema memori isipungue kumi na sita. Niliuruka. Mtu mwenye macho mazuri angeninyang'anya karatasi na kujionea mwenyewe. Nilitumia ugonjwa wake kumficha, na tangu siku ile nilikuwa siwezi kumtazama usoni bila kuinamisha kichwa.

Duka la Hortense limebanwa kati ya baa mbili. Asubuhi hiyo zote mbili zilikuwa zinaoshwa, maji ya sabuni yenye harufu ya bia yakipita mbele ya mlango. Ndani, kwenye kiti kirefu, alikaa kijana wa Kikongo mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma. Hortense alituambia anaitwa Dady na anapiga muziki kwenye baa ya pili.

"Karibu, Papa Afande," Hortense alisema, akamfutia baba kiti cha plastiki. "Huyu ndiye mutu anataka kunyang'anya mutoto yako mashine."

"Sinyang'anyi," Dady alisema. "Nangoja. Saa sita ikipiga, nalipa. Dada, wewe unataka memori yote ile ya nini? Kuandika barua ya kwaya?"

"Kuchora ramani," nilisema, lakini sauti haikutoka vizuri.

"Kuchora nini?"

"Ramani," baba alimjibu. "Ya Namuwongo. Wewe unakaa wapi?"

"Namuwongo, Afande. Karibu na reli."

"Basi atachora kitanda yako."

Hortense alicheka mpaka akashika kaunta. Mimi nilitoa flashi mfukoni.

Kwenye flashi nilikuwa na kazi mbili ambazo kampuni ilinipa kwa mazoezi. Moja ilikuwa kipande kidogo tu, nyumba arobaini hivi kando ya reli. Nyingine ilikuwa Namuwongo nzima. Nilichagua ile ndogo, nikaifungua kwenye laptopu ya gigabaiti nane. Haikuchukua hata nusu dakika. Mapaa arobaini yakatokea, safi, na reli ikipita kama mshono.

"Imefunguka," nilisema. "Mama Hortense, nachukua hii."

Nilianza kufungua zipu ya mkoba nilikoweka pesa zangu. Baba hakusogea. Alikuwa amekaa uso ukielekea mlangoni, si kwenye kioo cha laptopu, kwa kuwa kioo kwake ni mwanga tu.

"Hiyo ndiyo kazi ya miezi mitatu?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Imefunguka kabla sijakaa vizuri."

Nilivuta zipu mpaka mwisho.

"Adoch," alisema, kwa sauti ileile ya utulivu, "mimi nimekaa stoo ya vifaa miaka ishirini na sita. Mkubwa akija kukagua, tunapanga buti mpya mstari wa mbele. Zile za kutoboka tunaweka nyuma, na tunasimamisha mtu mrefu mbele yake. Mkubwa anapita, anasema vizuri sana, anaenda kunywa chai. Sasa fungua ya nyuma."

Dady alipiga goti lake. "Afande amekukamata."

"Nyamaza," Hortense alimwambia. "Jana ulisema unaleta pesa, ukaleta njaa, ukakula mandazi yangu. Leo unacheka watu."

Nilifungua Namuwongo nzima.

Mwanzoni hakikutokea kitu. Kisha feni ya laptopu ikaanza, chini chini, halafu ikapanda. Baba aliinuka, akasogea, akainamisha sikio lake juu ya mashine kama daktari juu ya kifua cha mtoto. Kwenye kioo mapaa yalianza kuja, mstari mmoja, mstari wa pili. Yakasimama. Nusu ya Namuwongo ilikuwa mapaa, nusu ilikuwa nyeupe tupu. Dakika ya tatu ikapita. Ya tano. Feni ililia.

"Inapumua kama mtu wa kupanda kilima cha Muyenga na gunia," baba alisema.

Dakika ya nane programu ikajifunga yenyewe, na kioo kikarudi kwenye picha ya maua ambayo Hortense huweka kwenye mashine zake zote.

"Lete ile ingine," baba alisema.

Kwenye kumi na sita, Namuwongo nzima ilifunguka kwa dakika mbili, na feni haikuwaka. Nilisogeza picha kidogo tu, ili baba asikie vidole vyangu vikifanya kazi. Halafu nikasahau kwamba nilikuwa nasogeza kwa ajili yake. Niliona mapaa ya mabati mekundu kwa kutu, na mengine mapya yanayong'aa. Niliona godoro limeanikwa juu ya paa, mitungi ya maji imepangwa foleni, mtaro mweusi ukizunguka nyuma ya nyumba. Mtu mmoja alikuwa amesimama uani anatazama juu, bila shaka anaishangaa droni. Ningeweza kukaa hapo mpaka jioni. Niliitaka ile mashine kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na niliona haya kwa kuitaka hivyo.

"Hii inaongezwa baadaye?" baba alimuuliza Hortense. "Anunue nane, halafu mwezi ujao aongeze?"

"Hapana, Papa. Hizi nyembamba, memori imechomelewa ndani kwa bodi. Mi sitakudanganya mbele ya mutoto. Akichukua nane, ni nane mpaka mashine ikufe."

Baba alinigeukia. Shavu lake la kulia lilikuwa na kile kipande kisichonyolewa, cheupe, na povu kidogo lililokauka.

"Barua ile. Ulinisomea yote?"

Dukani palikuwa na saa ya ukutani yenye picha ya kanisa. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Dady alijifanya anaangalia simu.

"Niliruka mstari mmoja," nilisema.

"Mstari huo ulisema nini?"

"Kumi na sita."

Hakunikemea. Ningefurahi angenikemea. Alitia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa bahasha ya kaki, akaiweka kaunta na kuisukuma taratibu mpaka ikagusa vidole vya Hortense.

"Hesabu," alisema. "Laki saba. Na yeye atakupa yake. Mfungie ile kubwa."

Hortense aliinua ile bahasha. Nilimwona akiipima uzito kwa mkono, kama wafanyavyo wafanyabiashara. Nikaweka kiganja changu juu ya mkono wake. Sijui nani alishangaa zaidi, yeye au mimi.

"Hiyo ni pesa ya jicho," nilisema.

"Adoch. Hapa si mahali."

"Ni pesa ya jicho la baba. Jumanne anapasuliwa. Mama ameuza ufuta."

Nilikuwa sijawahi kusema neno jicho mbele yake. Sasa nilikuwa nimelisema dukani, mbele ya mwanamke asiye wa ukoo wetu na mpiga muziki. Dady aliinuka kimya, akaenda kusimama mlangoni akitugeuzia mgongo. Hortense aliachia bahasha. Ikabaki kaunta, mkono wangu juu yake.

Baba alinyoosha koti lake. Aliongea polepole, kama anayesoma orodha ya vifaa.

"Sikiliza. Jicho halileti pesa. Mashine inaleta. Wiki mbili unamaliza karatasi sita. Unapata mkataba. Mwezi wa pili wa mkataba unalipa jicho, na pesa inabaki. Ukichukua hii ndogo, unashindwa, unarudi kwa fotokopi, na mimi nitakuwa na jicho la kukuangalia ukichapa barua za watu. Nani amepata faida hapo?"

"Sema kweli, Papa anaongea maneno ya akili," Hortense alisema kwa sauti ndogo, kisha akaniangalia kama anayeomba radhi.

Yalikuwa maneno ya akili. Hicho ndicho kilichonitisha. Nilijaribu kutafuta tundu nikalikosa. Kwa nane ningeweza kufanya kazi, lakini kwa kuikata Namuwongo vipande arobaini badala ya sita, kila kimoja peke yake, halafu kushona kingo moja moja kwa mkono ili mapaa yasikatike katikati. Wiki mbili zingetosha kama nisingelala, na kama umeme wa kambini usingekatika. Zingeweza pia zisitoshe. Hilo nililijua kabla hatujatoka nyumbani. Mkono wangu ulianza kulegea juu ya bahasha, na nadhani baba alilisikia hilo pia, kwa sababu alisema, kwa upole zaidi:

"Jicho litangoja. Limengoja tangu mwezi wa nne."

Mwezi wa nne. Nikakumbuka mwezi wa nne. Kliniki ilimpa siku, akaniambia asubuhi ile ameitwa zamu ya ghafla. Jioni nilikutana bombani na Rosebella, mkubwa wake wa stoo, akaniuliza baba anaendeleaje, mbona leo alikuwa na ruhusa. Nilidhani Rosebella amekosea siku. Mwezi wa sita alipewa siku nyingine, akasema mvua imejaza barabara. Mvua ilikuwa imenyesha kweli, lakini ilikuwa imekatika alfajiri. Nilijiambia anahifadhi pesa, maana baba ni mtu wa kujinyima, na nikampenda zaidi kwa hilo. Nikakumbuka pia siku ya kwanza kabisa, alipotoka chumba cha daktari akicheka, akimsimulia mlinzi wa getini vichekesho vya kambini, akicheka zaidi ya vichekesho vyenyewe.

Zamu. Mvua. Na sasa mashine.

"Mama Hortense," nilisema, "ile kubwa mpe Dady."

"Adoch," baba alisema.

"Mimi nachukua nane." Nilitoa pesa zangu mkobani, nikaziweka upande wa pili wa kaunta, mbali na bahasha. Machozi yalikuwa yananishuka. "Nitakata vipande arobaini. Najua namna ya kufanya."

Dady aligeuka mlangoni. "Dada, mi naweza kungoja mpaka wiki ijayo. Kwa kweli. Muziki haina haraka."

"Lipa sasa, tafadhali," nilimwambia. "Usiniache niitazame."

Alikuja, akatoa noti zake zilizofungwa kwa mpira, akamhesabia Hortense haraka bila mzaha wowote. Akaichukua kumi na sita kifuani kwa mikono miwili, akamwinamia baba kidogo, akatoka. Tulisikia ndala zake zikipita kwenye maji ya sabuni, halafu hatukuzisikia tena. Hortense alisema anakwenda kutafuta chaja nyuma, ingawa chaja ilikuwa mbele yake.

Tukabaki wawili. Baba alikuwa bado amesimama, mikono imeshuka ubavuni, kama kwenye gwaride.

"Wewe tangu kuzaliwa," alisema mwishoni, "unatanguliza miguu, kichwa unaficha."

Hiyo ndiyo maana ya jina langu. Kwetu Adoch ni mtoto aliyezaliwa akitanguliza miguu, na baba hunitania hivyo nikifanya jambo bila kumwambia mtu. Lakini hakuwa anacheka.

Nilichukua ile bahasha, nikairudisha mfuko wa ndani wa koti lake na kufunga kifungo. Nilikuwa karibu naye kama ninavyokuwa kila asubuhi. Nikagusa kwa kidole kile kipande cha shavu kisichonyolewa.

"Hapa, baba," nilisema. Na kwa kuwa tayari nilikuwa nimeanza kusema, nikaendelea. "Mwezi wa nne hukuwa na zamu. Mwezi wa sita mvua ilikuwa imekatika. Na leo mashine imeondoka. Hakuna buti mpya mbele tena. Nyuma kuna nini?"

Nje mtu alikuwa anaburuta meza za baa juu ya saruji. Baba alitafuta kile kiti cha plastiki kwa mkono, akakikosa, akakipata, akaketi.

"Daktari alisema sitalala," alisema. "Mimi nilifikiri wanakulaza, unaamka, imekwisha. Akasema hapana. Sindano kidogo tu. Akasema nitakuwa chali, nasikia yote, taa juu yangu, na ule mkono wake unakuja kwa jicho. Na mimi nisisogee." Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Kabla ya stoo nimelinda benki mbele ya watu wa bunduki, Adoch. Hiyo siwezi. Nilitaka pesa iishe ili nisiende. Naogopa. Hiyo tu ndiyo iko nyuma. Naogopa sana."